Diski nne kwenye gari lenye diski mbili

SWALI: Fundi, hujambo. Mimi ni mwalimu. Ninaishi Kondele, Kisumu, na ninafundisha Majengo kule Vihiga, kwa hiyo kila jioni nashuka mteremko wa Riat na Toyota Probox yangu. Miezi saba iliyopita niliwekewa pedi mpya za mbele. Sasa breki zinalia kuanzia asubuhi hadi majirani wanajua natoka, na nikizikanyaga kwenye mteremko usukani unatetemeka. Rimu ya mbele kushoto ni nyeusi kwa vumbi, ya kulia ni safi. Nikichungulia kwenye matundu ya rimu naona pedi bado ni nene. Fundi wangu alitazama akiwa amesimama tu, akasema diski zote nne zimekwisha na pedi zake, nitafute 34,000. Anasema kweli? Na mimi mwenyewe naweza kukagua?

JIBU: Mwalimu, sijambo. Nianze na habari itakayokuokolea pesa kabla hujamaliza kusoma: Probox haina diski nne. Ina mbili, za mbele. Nyuma kuna dramu, mfano wa sufuria la chuma lililofunika shuu za breki. Aliyekuhesabia diski nne hakuvua magurudumu ya nyuma, na kwa unavyoeleza hakuvua hata ya mbele. Simwiti mwizi, simjui. Nimeshika spana hapa Nakuru miaka 23 na nimeona mafundi wazuri wakikadiria kwa mazoea, hasa wateja wakiwa wamejipanga nje. Lakini diski haikadiriwi. Inapimwa, na kipimo cha mwisho wake kimepigwa mhuri kwenye chuma chenyewe. Nitafika hapo. Kwanza gurudumu lako la kushoto, maana nadhani ugonjwa uko huko na hakuna aliyeutaja.

Unasema pedi ni nene. Hiyo uliyoiona ni pedi ya nje. Kila gurudumu la diski lina pedi mbili: moja iko upande unaochungulia, nyingine imejificha ndani, na diski inazunguka katikati yao. Kwenye gari kama lako kuna pistoni moja tu (kile kipande cha mviringo kinachosukumwa na mafuta ya breki), upande wa ndani. Ukikanyaga, pistoni inaisukuma pedi ya ndani mpaka iguse diski, halafu kalipa yote, ile taya ya chuma inayozishika pedi, inateleza kwenye pini zake mbili na kuivuta ya nje nayo ibane. Pini zikiwa safi na zina grisi, pedi zote mbili huisha karibu pamoja, ya ndani ikitangulia kidogo. Pini zikishikwa na kutu, kalipa haitelezi. Hapo pedi ya ndani inabeba kazi ya wawili, na ukiinua mguu hairudi nyuma vizuri, inaendelea kusugua mpaka unafika nyumbani. Ya nje inabaki nene, unaiona kupitia matundu ya rimu, unaridhika.

Lile vumbi jeusi la kushoto ni pedi yako iliyosagwa. Rimu ya kulia kuwa safi si sifa kwa upande wa kulia. Inaonyesha tu kwamba pande mbili hazifanyi kazi sawa. Na pedi za mbele kuanza kulia baada ya miezi saba, kwa safari ya Kondele hadi Majengo, ni mapema mno. Naona aliyezibadilisha alichomoa kuukuu, akachomeka mpya, akafunga. Pini hakuzigusa.

Najua kwa sababu mimi nilifanya kosa linalokaribia hilo. Mwaka wangu wa pili wa uanagenzi, katika gereji moja hapa mjini, nilifunga pedi za gari la mzee mmoja mkulima kutoka Njoro. Pini zilikuwa ngumu, nikazipaka grisi ya kawaida, ile ya beringi. Zikateleza vizuri sana, nikajiona fundi kamili. Baada ya majuma machache mzee akarudi. Raba za pini zilikuwa zimevimba, pini zimekwama kuliko nilivyozikuta, na pedi ya ndani ilikuwa imebaki bati tupu linalochora diski. Grisi ile hutokana na mafuta ghafi na raba za breki haziivumilii. Pini zinataka grisi ya silikoni inayostahimili joto. Mzee hakupandisha sauti. Aliokota ile pedi sakafuni, akaniwekea kiganjani, akasema nikae nayo. Ninayo mpaka leo, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu huanza kwa kuishika.

Sasa kukagua. Ndiyo, unaweza, na hakuhitaji nguvu nyingi. Chagua Jumamosi asubuhi gari likiwa limepoa, mahali palipo sawa na pagumu. Vuta breki ya mkono (inashika magurudumu ya nyuma, kwa hiyo haitakusumbua), weka mawe mbele na nyuma ya tairi za nyuma, kisha gia iwe N. Usiiache P, kwa sababu kwenye Probox nyingi injini huendesha magurudumu ya mbele, na ukiacha P gurudumu utakaloinua halitazunguka. Legeza nati kabla ya kupiga jeki. Ukishainua weka stendi. Kama huna stendi, tairi utakalolivua lilaze chini ya ubavu wa gari. Jeki ikiteleza, gari litaangukia tairi na si mguu wako. Usiingie chini hata kidogo.

Kabla ya kuvua, lizungushe gurudumu kwa mkono. Msuguano mwepesi, sauti kama ya kufagia, ni kawaida. Likikataa, au ukihitaji mikono miwili, breki imeshika. Fanya hivyo kushoto, kisha kulia, ulinganishe. Nabashiri la kushoto litakuwa zito.

Ukishavua, zungusha usukani ili mgongo wa kalipa ukutazame. Kuna dirisha juu yake. Mulika kwa tochi ya simu na utaziona pedi zote mbili kwa pamoja, diski katikati. Hapa wengi hukosea: pedi imegandishwa kwenye bati lenye unene wa milimita 5 hivi, na mtu huhesabu bati pamoja na pedi akadhani ana akiba. Hesabu ile sehemu inayofanana na mkaa uliobanwa, basi. Pedi mpya huwa na milimita 10 hivi za sehemu hiyo. Zikibaki 3, badilisha. Kama huna rula inayoingia mle, tumia kijiti cha kiberiti. Unene wake ni karibu milimita 2. Pedi iliyolingana na kijiti imeshapita wakati wake. Mimi kwa mtu anayeshuka Riat kila siku hubadilisha zikiwa na 4, na sijawahi kujuta.

Tazama pia kama pedi imelika kwa mshazari, juu nene na chini nyembamba. Hiyo ni pini moja iliyokwama huku mwenzake ikiteleza.

Kuhusu mlio: kwenye pedi nyingi, mara nyingi ile ya ndani, kuna kibati chembamba kilichokunjwa. Pedi ikibaki na milimita 2 au 3, kibati hugusa diski na kulia. Ni kengele iliyowekwa makusudi. Usiichanganye na mlio wa umande: gari likilala nje, diski hupata kutu nyepesi usiku, hulia ukikanyaga mara tatu nne, kisha kimya. Wako unakufuata mpaka kazini, kwa hiyo naamini ni kibati. Pedi za bei ya kutupa nyingine hazina kibati hicho, na mwenye nazo husikia sauti ya kwanza bati likiwa tayari linakwangua.

Diski sasa. Pitisha ukucha kutoka katikati kwenda ukingoni (imepoa, nakukumbusha). Ukingoni kabisa utakuta kijituta kilichoinuka, mahali ambapo pedi haifiki. Kijituta peke yake hakihukumu kitu; kinasema tu diski imefanya kazi. Michirizi myepesi kama ya sahani ya santuri haina neno. Mfereji unaokamata ukucha, huo unahesabika. Madoa ya samawati ni alama ya joto kali. Ufa unaofika ukingoni hauna mjadala: diski hiyo inatoka leo.

Kisha tafuta maandishi. Kwenye ile sehemu ya katikati iliyoinuka kama kofia, au kwenye ukingo wa nje, pamechongwa MIN TH na namba. Kutu huwa imeyafunika. Piga brashi ya waya, halafu sugua chaki juu yake na ufute kwa kidole. Chaki itabaki ndani ya herufi na utasoma vizuri. Chaki unayo, mwalimu. Hiyo ndiyo namba inayoamua. Chukua mfano wa diski inayoanza na milimita 22 na kuandikwa mwisho 20: tofauti yake ni milimita 2, yaani 1 kila upande. Hakuna jicho la fundi aliyesimama linaloweza kuiona milimita 1 kupitia matundu ya rimu.

Kupima kunataka kipimo cha venia, na mafundi wa vyuma pale Kibuye hutakosa mwenye nacho. Ila venia ina ujanja wake. Taya zake ni ndefu na bapa. Ukizibana kwenye diski zinakaa juu ya kile kijituta cha ukingoni, na unasomewa unene wa sehemu isiyolika kabisa. Diski iliyokufa inaonekana mpya. Dawa ni sarafu mbili zinazofanana. Weka moja kila upande wa diski, ndani ya njia ya pedi, bana venia juu ya sarafu, soma. Kisha zipime sarafu mbili peke yake zikiwa zimebebana, utoe. Kinachobaki ni diski. Rudia sehemu nne ukizunguka, na uandike.

Kama namba ndogo kuliko zote bado iko juu ya ile iliyochongwa, na hakuna ufa wala mfereji, diski yako inaendelea na kazi, haijalishi nani amesema nini.

Lakini usukani unatetemeka, utaniuliza. Kwanza hakikisha unatetemeka ukikanyaga tu. Ukitetemeka hata bila breki, kwenye kasi ya 80 au 90, hilo ni balansi ya magurudumu na umlipe mtu wa tairi badala ya mtu wa breki. Ukitetemeka kwa breki peke yake, diski haina unene sawa pande zote. Watu husema imepinda. Mara chache sana hupinda. Kwa kawaida imelika zaidi upande mmoja, au pedi iliyopata moto imebandika ngozi yake mahali pamoja. Tofauti ya sehemu mbili za mia za milimita inatosha kuufanya usukani ucheze, na hiyo venia haiioni, inataka mikrometa.

Tatizo hilo huanzia wapi? Mara nyingi kwa vijana wa pancha. Mtu anachomeka bomba refu kwenye wilispana, anaikalia, nati moja inakazwa kuliko mwenzake, na diski inakaa upande kidogo. Kila mzunguko inagusa pedi mahali palepale, safari nzima, hata hujakanyaga. Baada ya maelfu ya kilomita mahali hapo pamelika. Nati za magari mengi ya Toyota ya ukubwa wa lako hukazwa kwa Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa mpangilio wa nyota, na nguvu za mikono yako kwenye wilispana ya kawaida hufika karibu hapo bila bomba lolote. Sababu nyingine ni kutu kati ya diski na habu, kile kitovu inapofungwa. Fundi akifunga diski mpya juu ya kutu kuukuu, mtetemo unarudi na wewe unaambiwa diski ilikuwa feki.

Na sababu ya tatu ni Riat yenyewe. Hebu tufanye hesabu ndogo. Gari la kilo 1,200 likishuka mteremko wowote wa mita 300 za wima, nguvu inayotakiwa kumezwa ni sawa na kulisimamisha kutoka kilomita 80 kwa saa mara kumi na mbili mfululizo. Upepo unabeba sehemu yake, injini inabeba sehemu ukiiruhusu, na kilichobaki kinakuwa joto ndani ya diski mbili. Mtu anayeshuka akiwa D, mguu umelala juu ya breki mwanzo hadi mwisho, anapika pedi. Kisha anafika chini, Mamboleo, foleni imesimama, anakandamiza breki ikiwa moto na kutulia. Pedi inachapa alama yake kwenye diski hapohapo. Shusha gia kabla ya mteremko kuanza: 2, au S na B kwenye zile za gia zisizo na ngazi. Injini italia kidogo, iache ilie. Kanyaga kwa uthabiti, punguza mwendo, achia, zipumue, rudia. Ukisimama chini, acha nafasi mbele yako ili gari lisogee kidogo kidogo. Huku kwetu tunao mteremko wa Salgaa, na malori yanayoshushwa kwa gia huru ili kuokoa dizeli tumeyaona yakifika chini vibaya.

Mafuta ya breki kwa ufupi. Kiwango kwenye chupa hushuka pedi zinapolika, kwa sababu pistoni zimetoka mbele zaidi. Usijazie kwa ajili hiyo. Pedi mpya zikiingia yatapanda yenyewe na yakizidi yatamwagika na kula rangi. Kikishuka ilhali pedi ni mpya, kuna mahali panavuja. Yabadilishwe kila miaka miwili, kwani hunyonya unyevu wa hewa, na yenye unyevu huchemka mapema: DOT 3, daraja moja la mafuta ya breki, ikiwa safi huvumilia angalau nyuzi 205, iliyokwisha kunyonya maji inaweza kuchemka kwa 140 tu. Yakichemka kwenye mteremko kanyagio linaenda chini kama sponji. Na mtu akikutilia mafuta ya injini humo, hata kijiko kimoja, raba zote za mfumo huvimba na bili yake itazidi hizo 34,000.

Basi mwambie nini fundi wako? Mwambie avue gurudumu la kushoto ukiwepo. Azichomoe pedi zote mbili na kuziweka pamoja juu ya boneti. Kama ya ndani imekwisha na ya nje ni nene, azitoe pini, azisafishe kwa msasa laini, aweke raba mpya na grisi ya silikoni. Pini iliyoliwa na kutu inunuliwe nyingine. Ajaribu pia kuirudisha pistoni; ikigoma, afungue ile nati ndogo ya kutolea hewa. Ikirudi kirahisi baada ya kufunguliwa, pistoni haina hatia, hozi ya breki (ule mpira unaoleta mafuta kwenye kalipa) imeziba ndani na inafungia mafuta yasirudi. Ikiendelea kugoma, pistoni imeshika kutu. Hili jaribio huchukua dakika mbili na mafundi wengi hulipita, kisha mteja anabadilishiwa kalipa nzima kwa kosa la hozi.

Pedi nunua za magurudumu yote mawili ya mbele hata kama ya kulia bado inafaa. Diski vilevile, zikibidi, huenda kwa jozi. Kukereza, yaani kuinyoa diski kwa mashine iwe laini, kunakubalika ikiwa baada ya kukerezwa diski itabaki juu ya ile namba. Ikiwa imebakiza nusu milimita, usipoteze pesa. Nyuma avue dramu atazame shuu: kitambaa kikikaribia milimita 1, kimekwisha. Dramu nayo ina namba yake, ila imeandikwa MAX, kwa sababu yenyewe ikilika hupanuka. Akikuuzia dramu, omba aipime ukiona.

Zikishafungwa, kabla hujawasha gari, kanyaga breki mara kadhaa hadi kanyagio ligande. Pistoni zilisukumwa nyuma, na kanyagio la kwanza huenda sakafuni moja kwa moja; kuna waliogundua hilo wakiwa tayari wanatoka langoni. Halafu usizipeleke pedi mpya Riat siku hiyo. Chukua barabara ya Ahero alfajiri, ni tambarare, na ukiwa na nafasi nyuma yako punguza kutoka 50 hadi 15 kwa ukanyagaji wa wastani, mara kumi, bila kusimama kabisa, ukiziacha zipoe kidogo kila mara. Siku mbili tatu zitanuka kidogo. Ni kawaida.

Kipimo ukikipata, nitumie namba tatu: diski ya kushoto, ya kulia, na ile uliyosoma kwa chaki. Nitumie na picha ya pedi mbili za kushoto zikiwa zimelala pamoja. Hapo nitakwambia kati ya hizo 34,000 ni ngapi zinabaki mfukoni mwako.